Beringi za utando wa mafuta: nguvu isiyoonekana inayobeba rola za viwandani

Barabara ya Jinja inapoiacha Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, huelekea kwenye ukanda wa viwanda ambavyo kazi yake hutegemea rola. Namanve kuna rola zinazogandamiza chuma hadi kiwe bati. Mbele yake, Lugazi, kiwanda cha sukari kilianzishwa mwaka 1924. Na ng'ambo ya mji wa Jinja kipo kile cha Kakira, kilichoanza mwaka 1930. Huko rola hukamua miwa. Rola kubwa za aina hii huwa na uzito wa tani kadhaa, na kila moja hushikiliwa na viungo viwili tu, kimoja kila ncha. Viungo hivyo ndivyo beringi. Kimoja kikiharibika, kazi yote husimama.

Tofauti na beringi ya gololi

Beringi inayofahamika zaidi ni ya gololi, ile inayopatikana katika baiskeli na pikipiki. Ndani yake, vidude vya chuma vya mviringo hubingirika kati ya pete mbili. Beringi ya kuteleza haina gololi. Ni bushi ya madini laini, pana kidogo kuliko shingo ya rola inayozunguka ndani yake, na mwanya uliobaki kati ya viwili hivyo hujazwa mafuta.

Rola ikiwa imesimama, shingo hulala juu ya bushi na vyuma hugusana. Inapoanza kuzunguka, mafuta yaliyoishika huburutwa na kuingizwa katika mwanya unaozidi kuwa mwembamba, mfano wa kabari. Kwa kuwa hayawezi kutoka upesi, shinikizo lake hupanda mpaka rola inanyanyuka. Tangu hapo uzito wote hubebwa na utando wa mafuta, ambao unene wake mara nyingi hauzidi ule wa unywele wa binadamu. Pampu ya kawaida kazi yake ni kuleta mafuta. Kinachoinua rola ni mzunguko wake wenyewe.

Jinsi siri hii ilivyogunduliwa

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, lakini mafuta yakawa yanatoka badala ya kuingia. Aliliziba tundu, na kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga kipimo cha shinikizo, mshale ulipita maradufu ya wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, alieleza kwa hesabu jinsi kabari ya mafuta inavyozaa nguvu hiyo. Hesabu zake ndizo msingi wa usanifu wa beringi hizi hadi leo.

Madini ya bushi yalikuwa yamekwisha kupatikana. Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alibuni mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba. Ulaini wake ni kinga: chembe ya mchanga ikiingia, huzama ndani ya bushi badala ya kuchimba shingo ya rola. Bushi hubadilishwa kwa gharama ndogo. Rola ni mali nyingine kabisa.

Mambo matatu yanayolinda utando

Utando hutegemea mwendo wa rola, mnato wa mafuta na ukubwa wa mzigo. Mwendo ukipungua, mafuta yakiwa mepesi mno au mzigo ukizidi, utando huwa mwembamba na hatimaye hukatika. Joto nalo huyafanya mafuta kuwa mepesi, na msuguano unaofuata huzidisha joto. Hapo beringi huweza kuungua katika muda mfupi.

Rola za kukamulia miwa ndizo zenye mtihani mgumu zaidi. Huzunguka mara chache tu kwa dakika, huku mitambo ya shinikizo ikizikandamiza kwa nguvu ya mamia ya tani katika vinu vikubwa. Kwa mwendo huo kabari ya mafuta haijengeki kikamilifu, na vyuma huweza kugusana mahali mahali. Ndiyo maana vinu hivyo hutumia bushi za shaba iliyochanganywa na bati, mafuta mazito yenye mnato mkubwa, na maji yanayopita ndani ya bushi ili kuipoza. Maji ya miwa nayo ni adui: yakipenya, huyachafua mafuta na kula chuma.

Saa ya hatari

Uharibifu mwingi hutokea mashine inapowashwa au kuzimwa, kwa kuwa ndipo utando haupo. Umeme ukikatika ghafla, hatari huwa maradufu: rola hupunguza mwendo, na pampu ya mafuta nayo husimama. Viwanda vilivyojiandaa huweka tangi la akiba mahali pa juu, ili mafuta yaendelee kushuka hadi rola itulie. Mashine nyingine zina pampu ya shinikizo kubwa inayoinua rola kabla haijaanza kuzunguka.

Dalili za hatari hujitokeza mapema kwa anayezitafuta. Joto la beringi moja hupanda kuliko la mwenzake. Mafuta hubadilika rangi na kuwa meupe kama maziwa, ishara kwamba yameingia maji. Au vipande vidogo vya madini ya bushi huonekana katika chujio. Kuongeza mafuta ya aina yoyote yaliyo karibu si tiba, kwani mnato usiofaa huuvunja utando ule ule unaotakiwa kulindwa.

Kazi hii huhitaji mkono uliofunzwa. Bushi mpya hukwanguliwa kidogo kidogo mpaka ikae sawasawa na shingo, na shingo yenyewe lazima iwe laini na ya mviringo kamili. Nakawa ina nafasi yake hapa. Ndiko kiliko chuo cha mafunzo ya ufundi kilichosaidiwa kwa miaka mingi na serikali ya Japani, na ndiko yaliko makao ya Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda. Ujuzi wa kuchonga, kupima na kukagua mitambo ndio unaoamua kama kiwanda kitatengeneza beringi yake kwa siku moja au kitangoja kipuri kutoka ng'ambo kwa majuma.

Kungoja huko kuna gharama inayofika mbali na kiwanda. Muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari, na inafaa ukamuliwe ndani ya siku moja au mbili. Kinu kikisimama, malori hujipanga langoni huku muwa ukikauka juani, na mkulima aliyeuza kwa uzito hupoteza kilo kila saa. Utando mwembamba wa mafuta safi, usioonwa na yeyote, ndio unaobeba pia mapato yake.