Uchungu wa Mshale: Majina ya Mimea ya Sumu Mkoani Singida na Historia ya Kutenga Viini Vyake

Wagiriama wa pwani ya Kenya huita sumu ya mshale utsungu, nao mti utoao sumu hiyo huuita mutsungu. Neno hilo ni lile lile uchungu la Kiswahili, na maana yake haikutolewa bure: sumu nyingi za mishale ya Afrika Mashariki ni chungu mno ulimini. Ulimi, basi, ndio uliokuwa chombo cha kwanza cha kuzitambua, kabla ya maabara yo yote. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyojifunza kutenga viini vya sumu za namna hii, zikiwamo zitumiwazo katika Mkoa wa Singida, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, hata inapofanywa kwa mitambo ya leo, haikamiliki bila kazi ya mtu wa lugha.

Kaskazini ya mkoa huo, katika Wilaya ya Mkalama, upande wa Munguli na bonde la Ziwa Eyasi, wamo Wahadzabe, ambao wamejulikana tangu zamani kwa uwindaji wa upinde. Sumu zao kubwa ni mbili. Moja hutokana na utomvu wa Adenium obesum, kichaka chenye shina nene na maua mekundu. Huipika mpaka ikawa nzito na nyeusi. Ya pili hutokana na mbegu za Strophanthus eminii, ambazo hupondwa. Ya kwanza imeandikwa kwa jina la panjube, na ya pili shanjo. Msomaji aangalie kwamba kuupika utomvu mpaka maji yatoke na nguvu ibaki ni kutenga kilicho na kazi na kisicho na kazi. Mkemia naye hufanya vivyo hivyo, ila kwa vyombo vingine.

Habari za sumu hizi ziliwafikia wanasayansi wa Ulaya kwa njia ya ajabu kidogo. John Kirk, aliyekuwa mganga na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Uingereza Unguja, alichukua sumu ya mishale iliyoitwa kombe. Kidogo kikaingia katika mswaki wake. Alipousugua meno alionja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na mwaka 1885 akaitangaza kuwa dawa ya moyo. Mwaka 1888 Arnaud, Mfaransa, alitenga kiini kingine katika mti wa jamii ya mutsungu, kikaitwa ouabaini, kutokana na neno la Kisomali waabaayo.

Hapo pana jambo la kuangaliwa na wanaisimu. Kombe limo mpaka leo katika jina la kitaalamu la mmea, Strophanthus kombe. Waabaayo limo katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima. Lakini mmea wa Singida ulipewa jina la Emin Pasha. Walter Jacobs na Bigelow walipochambua mbegu zake na kutangaza matokeo mwaka 1933, kiini kimoja kiliitwa emisimarini, na hivyo jina la msafiri likaingia hata katika kemia. Shanjo halikuingia po pote. Si kwamba wenye mmea hawakuwa na neno. Neno lao halikushikamanishwa na mbegu.

Viini hivi vyote ni vya aina moja, yaani glikosidi za moyo. Mwaka 1953 Schatzmann alionyesha kwamba huzuia upitishaji wa sodiamu na potasiamu katika utando wa seli, na mwaka 1957 Skou wa Denmaki alikieleza kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Ndiyo sababu kiasi kidogo chaweza kutibu moyo, na kikizidi huusimamisha.

Glikosidi hizi ni sehemu ya vitu viitwavyo metabolaiti, yaani molekuli ndogo ambazo kiumbe hai huzitengeneza au kuzivunja katika kuishi kwake. Kuzitenga kwa umeme ni elimu iliyokua kwa hatua. Tiselius wa Swideni alitangaza chombo chake cha elektroforesi mwaka 1937. Mwaka 1981 Jorgenson na Lukacs, huko North Carolina, walitumia mrija wa kioo ambao tundu lake lilikuwa sehemu 75 tu za elfu za milimita; kila chembe yenye chaji ilikwenda kwa mwendo wake, na zikaachana. Mwaka 1987 Richard Smith na wenzake waliuunganisha mrija huo na spektrometa ya tungamo, mtambo upimao uzito wa molekuli. Kisha mwaka 2003 Tomoyoshi Soga na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, wakatambua kwa njia hiyo alama za metabolaiti 1,692 katika bakteria wa aina moja.

Hata hivyo haifai kuisifu njia hii kupita kiasi. Glikosidi za shanjo na panjube hazina chaji, kwa hiyo umeme peke yake hauzitenganishi. Kromatografia ya kimiminika huzifaa zaidi. Nguvu ya mrija wa umeme ni kwa asidi za amino, asidi nyinginezo na fosfeti za nguvu ndani ya seli, yaani kwa kuona yanayobadilika katika moyo uliopatwa na sumu kuliko sumu yenyewe.

Tena kuna kasoro ambayo mtambo wo wote hauwezi kuiondoa. Baada ya mwaka 1949, kotisoni ilipotafutwa kwa hamu, Reichstein wa Basel na wenzake walichunguza mbegu nyingi za Strophanthus sarmentosus, wakaona kwamba mimea ya spishi ile ile, ikitoka mahali mbalimbali, haina viini vile vile. Mbegu isiyo na habari za mahali pake, basi, ni shahidi asiyejulikana kwao. Mtambo utasema kilichomo. Hautasema ni mmea gani, wa kilima gani, wala kwa nini mwindaji aliuchagua huu akauacha ule ulio jirani.

Habari hizo zimo katika lugha. Kihadza hakina jamaa aliyethibitishwa, na wasemaji wake ni kama elfu moja tu. Neno likipotea humo, hapana lugha ndugu ya kulikopa upya. Kwa hiyo yafaa kila kifurushi cha mbegu kinachotoka Singida kwenda maabara kiandikwe jina la Kihadza, la Kinyiramba au la Kinyaturu kama lilivyotamkwa, mahali, majira na matumizi, pamoja na jina la aliyeeleza ikiwa mwenyewe ameridhia. Kazi hiyo yahitaji kalamu, sikio zuri na uvumilivu, na waliofunzwa kuifanya ni wasomaji wa jarida hili.