Gari linapokataa kuwaka: Jinsi ya kutambua hitilafu ya kizuizi cha wizi

STATA inazunguka, betri ina nguvu, tangi lina mafuta, ila injini haiwaki. Aghalabu fundi akiitwa huanza kwa kuishuku pampu ya mafuta. Pampu mpya hununuliwa na kufungwa, na injini ingali kimya. Kumbe tatizo limo katika ufunguo.

Ndani ya kichwa cha ufunguo wa magari mengi ya kisasa mna chipu ndogo isiyohitaji betri. Koili iliyozunguka tundu la ufunguo huipa nguvu kwa mawimbi, nayo chipu hujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta isipoitambua namba hiyo, huzuia mafuta, cheche au vyote viwili. Ndiyo maana ufunguo uliochongwa bila chipu hufungua mlango bila taabu lakini hauwashi injini. Betri ya rimoti ni jambo jingine kabisa: hufunga na kufungua milango tu, ingawa wengi huibadilisha wakidhani wametibu ugonjwa.

Shahidi wa kwanza ni taa ndogo ya usalama kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya Toyota, taa hiyo humetameta ufunguo ukiwa umetolewa, kisha huzimika ufunguo halali unapotiwa. Ikiendelea kumetameta, ufunguo haujatambuliwa. Katika Volkswagen nyingi, injini huwaka kwa sekunde moja au mbili kisha hufa. Taa ikizimika ipasavyo na injini isiwake, hapo ndipo pampu na plagi zinapostahili kushukiwa.

Kabla ya kulaumu kompyuta, betri ipimwe. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikiwa dhaifu mno, kompyuta yenyewe huchanganyikiwa stata inapozunguka. Kisha ufunguo utengwe na funguo nyingine zenye chipu, maana zikikaribiana huvurugana, na ule wa akiba ujaribiwe. Wa akiba ukiwasha gari, chipu ya ule wa kwanza ndiyo mbovu. Zote zikikataa, koili na waya zake zikaguliwe. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha P0513, au B2799 kwa Toyota, uchunguzi umo njiani sahihi.

Mtego mkubwa ni kizuizi kilichoongezwa na fundi baada ya gari kununuliwa. Hukata umeme wa pampu au wa stata kwa rilei iliyofichwa chini ya dashibodi, na waya zake hulegea. Mashine haikioni, fundi hana budi kuufuata waya kwa mkono.

Mwenye ufunguo mmoja pekee afadhali atengeneze wa pili ungali unafanya kazi. Ukipotea, mara nyingi kompyuta hulazimika kufunguliwa au kupangwa upya, kazi ya gharama zaidi, na fundi mwaminifu atadai kwanza kuona hati za umiliki.