Mpini wa Ufito wa Kuvulia: Kerezo Moja, Mafundi Wengi

Mpini wa kawaida huundwa kwa pete za gamba la mwaloni, lile lile litoalo vizibo vya chupa za mvinyo. Takriban nusu ya gamba hilo duniani hutoka Ureno, ambako hubanduliwa kila baada ya miaka 9 bila kuangusha mti. Pete hugundishwa, hubanwa zikauke, kisha huzungushwa kwenye kerezo na kupunguzwa kwa msasa, kwani patasi huweza kulinyofoa gamba.

Urembo umeazimwa kwingine. Kwa waundaji wa fimbo za biliadi, mafundi wa mipini walichukua pete nyembamba za rangi na miti iliyounganishwa kwa ncha zilizochongoka. Kwa wakereza mabakuli, walijifunza kugundisha vipande vya miti tofauti kabla ya kukereza. Kwa waundaji wa kalamu, walipata vinundu vya mti vilivyonyweshwa resini ili visipasuke.

Lakini mti ni mzito kuliko gamba, na uking'arishwa huteleza kwenye mkono uliolowa. Kwa hiyo mafundi wengi hupamba sehemu ya kufungia rili ya kuzungushia mshipi, na penye kiganja huacha gamba.