Bibi Pankhurst Mlangoni pa Marekani

Wasikilizaji wangu, wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini je, mgeni aliyehukumiwa kifungo kwao aweza kukaribishwa hata hizo siku mbili? Sikilizeni habari za mwaka 1913.

Zamani hizo wanawake wa Uingereza hawakuwa na haki ya kupiga kura kuchagua wajumbe wa Bunge. Bibi Emmeline Pankhurst aliwaongoza wale walioidai haki hiyo kwa nguvu, hata kwa kuvunja madirisha na kuchoma majumba. Mwezi wa Aprili 1913 alihukumiwa kifungo cha miaka 3, kwa kuwa alichochea watu walioharibu kwa baruti nyumba iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya Bwana Lloyd George, Waziri wa Fedha. Gerezani alikataa kula. Kila alipodhoofika alifunguliwa, na alipopata nguvu hukamatwa tena. Watu waliiita sheria hiyo ya Paka na Panya.

Tarehe 18 Oktoba alifika New York kwa meli, akitaka kuhutubia watu na kukusanya fedha. Mwaka 1909 na 1911 alikuwa amekwisha kuzuru nchi hiyo. Safari hii maofisa walimzuia, wakampeleka kisiwa cha Ellis, mahali pa kuwachunguza wageni. Baraza likaamua arudishwe kwao.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1907 iliwakataza watu waliotenda makosa yenye upotovu wa tabia, walakini makosa ya siasa tupu hayakuhesabiwa. Basi hapo ndipo penye fundo: kuchochea watu waharibu nyumba ni siasa, au ni uhalifu? Bibi Pankhurst akakata rufani Washington. Tarehe 20 Oktoba, baada ya Rais Woodrow Wilson kushauriana na Waziri wa Kazi, akaruhusiwa kuingia kwa ahadi yake mwenyewe, pasipo dhamana ya fedha, amalize hotuba zake kisha aondoke.

Tarehe 13 Novemba alihutubia mjini Hartford. Akarudi kwao mwezi wa Desemba, na alipofika bandari ya Plymouth alikamatwa tena.

Fikirini jambo hili. Ruhusa ya muda si msamaha. Marekani haikumfutia hukumu yake, wala haikusema kwamba alitenda vema. Ilimfungulia mlango kwa kazi moja tu, na deni lake likamngoja nyumbani.

Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30, wenye sifa zilizotakiwa na sheria, walipata kura. Tarehe 2 Julai 1928 sheria ikawasawazisha na wanaume. Bibi Pankhurst hakuiona siku hiyo, maana alikuwa amefariki tarehe 14 Juni, majuma machache tu kabla yake.