Wavu, Kitabu na Kamera: Historia ya Kutambua Vipepeo wa Ulaya

Bara la Ulaya lina spishi za vipepeo zinazokaribia 500. Hazikugawanyika sawasawa: Uingereza ina takriban 60 tu, ilhali milima ya Alpi, Pirenei na Balkani ina utajiri mkubwa wa spishi, baadhi zikiishi katika mabonde machache na kukosekana kwingineko. Ndiyo maana elimu ya kuwatambua vipepeo hao imekua pamoja na safari. Aliyetaka kuwajua alilazimika kutoka kwao, kuvuka mipaka na kupanda milima, kisha kurudi na ushahidi ambao mtu asiyekuwapo angeweza kuupima. Kwa muda wa miaka 400 ushahidi huo umekuwa mwili uliokaushwa, mchoro, maelezo ya kitabu na hatimaye picha. Jambo moja limedumu katika njia zote hizo: kipepeo asiyeandikiwa mahali na tarehe alipoonekana hana faida kubwa kwa elimu.

Uchunguzi wenyewe ni wa kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle wa Ugiriki alieleza jinsi kiwavi anavyokula majani, akatulia ndani ya ganda gumu, kisha akatoka akiwa kipepeo. Hata hivyo, kwa karne nyingi baada yake hapakuwa na njia ya kutenganisha aina moja na nyingine kwa uhakika. Kitabu kikubwa cha kwanza kuchapishwa Uingereza kuhusu wadudu kilitolewa kwa Kilatini mwaka 1634, miaka 30 baada ya kifo cha mtayarishaji wake, daktari Thomas Moffet. Vipepeo walichorwa humo kwa mibao ya kuchonga na kuelezwa kwa sentensi ndefu, lakini hawakupewa majina yao wenyewe.

Hatua kubwa ilipigwa na mchoraji Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Aliwafuga viwavi nyumbani, akaandika siku walizobadilika, na mwaka 1679 akachapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu mabadiliko ya viwavi. Katika kila ukurasa alimweka kiwavi, ganda lake, kipepeo au nondo aliyekamilika, na mmea uliomlisha. Mpangilio huo ulionyesha kwamba mdudu hutambulika vizuri zaidi akitazamwa pamoja na maisha yake yote. Mpaka leo mmea wa kiwavi ni miongoni mwa dalili zinazotumiwa kutenganisha spishi zinazofanana.

Jijini London, mwuza dawa James Petiver aliwapa vipepeo wa Uingereza majina ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 18. Aliwaomba manahodha na madaktari wa meli wamletee wadudu na mimea kutoka bandari walizofika, akawaandikia maelekezo ya kuwahifadhi. Miongoni mwa waliomletea vipepeo wa nchini mwake alikuwamo Eleanor Glanville, mwanamke mwenye mashamba aliyekusanya na kufuga viwavi kwa bidii kubwa. Alipofariki mwaka 1709, jamaa zake waliupinga wosia wake wakidai hakuwa na akili timamu, na mapenzi yake kwa vipepeo yakahesabiwa kuwa dalili ya wazimu. Jina lake limehifadhiwa katika jina la Kiingereza la Melitaea cinxia, kipepeo mwenye mabawa ya rangi ya chungwa na mistari myeusi kama wavu.

Majina ya aina hiyo yalitofautiana kutoka nchi hadi nchi. Tatizo hilo lilipata dawa mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi alipotoa chapa ya 10 ya Systema Naturae na kumpa kila mnyama jina la maneno mawili. Papilio machaon, kipepeo wa manjano mwenye mikia miwili, akawa na jina moja Hispania, Uswidi na Urusi. Lakini jina peke yake halikutosha. Mwaka 1775 Michael Denis na Ignaz Schiffermüller, walimu wa chuo cha Theresianum mjini Vienna, walichapisha orodha ya vipepeo na nondo wa eneo lao iliyojaa majina mapya na maelezo mafupi sana. Mkusanyiko wao uliteketea kwa moto mwaka 1848, na wataalamu waliofuata walipata kazi ngumu kuthibitisha baadhi ya majina yale yalimhusu mdudu gani. Hasara hiyo inaonyesha kwa nini makumbusho ya Ulaya hulinda kwa uangalifu mkubwa kielelezo ambacho kila jina lilitolewa juu yake.

Karne ya 19 ilikuwa enzi ya wavu. Reli zilipofika milimani, wakusanyaji walimiminika Uswisi, Tirol na kusini mwa Ufaransa. Mji wa Digne, katika vilima vya Provence, ulipata sifa kubwa kati yao. Msafiri alibeba wavu wa kitambaa chepesi, chupa yenye sianidi au majani ya mlori yaliyopondwa ya kuulia, pini nyembamba, na vibao vyenye mfereji wa kunyooshea mabawa. Biashara nayo ilishamiri. Otto Staudinger wa Dresden aliajiri wakusanyaji, akauza vielelezo kwa orodha ya bei, na mwaka 1861 akatoa pamoja na Maximilian Wocke orodha ya vipepeo na nondo wa Ulaya ambayo wengi waliitumia kupanga masanduku yao.

Katika biashara hiyo kipepeo mzuri asiye na maelezo alipata mnunuzi, lakini kwa mwanasayansi hakuwa na thamani kubwa. Waangalifu walichoma katika pini ileile kijikaratasi chenye jina la mahali, mwinuko, tarehe na mkusanyaji. Mmoja wao alikuwa Margaret Fountaine wa Uingereza, aliyeishi kuanzia 1862 hadi 1940. Alizunguka Uswisi, Italia, Ugiriki, Hispania na nchi za Balkani, kisha mabara mengine, kwa miaka mingi akiandamana na Khalil Neimy, mkalimani aliyekutana naye Damascus. Fountaine alipenda kuwafuga vipepeo tangu mayai ili apate vielelezo visivyochakaa, na alichora viwavi wao kwa rangi za maji. Vielelezo vyake takriban 22,000 vimehifadhiwa katika makumbusho ya Norwich, na vijikaratasi vyake vinaonyesha mahali ambapo spishi fulani ziliishi zaidi ya karne moja iliyopita.

Wakati huohuo ilidhihirika kwamba rangi ya mabawa inaweza kudanganya. Vipepeo wadogo wa buluu wa jamii ya Lycaenidae, na wale wa kahawia wenye madoa meupe wa jenasi Pyrgus, hufanana kiasi kwamba spishi kadhaa hutenganishwa tu kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Mwandishi Vladimir Nabokov alifanya kazi ya aina hiyo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1940, baada ya kukusanya vipepeo wa buluu milimani Ufaransa. Baadaye alipanga kuandika kitabu cha vipepeo wa Ulaya, lakini mradi huo haukukamilika.

Kutambua bila kuua kulianza kwa ndege. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alichapisha mwongozo uliowapanga ndege wanaofanana katika ukurasa mmoja, huku vistari vifupi vikielekeza jicho kwenye alama inayowatenganisha. Mwongozo kama huo kwa ndege wa Ulaya, alioutayarisha na Guy Mountfort na Philip Hollom, ulitoka mwaka 1954. Vipepeo walifuata mwaka 1970, pale Lionel Higgins na Norman Riley walipotoa mwongozo wa Uingereza na Ulaya wenye michoro ya Brian Hargreaves. Kwa mara ya kwanza msafiri wa kawaida aliweza kubeba vipepeo wa sehemu kubwa ya bara ndani ya mkoba, pamoja na ramani, miezi ya kuruka na mimea ya viwavi. Mwaka 1997 ulitoka mwongozo wa Tom Tolman na mchoraji Richard Lewington.

Uchunguzi wa vipepeo hai ulifichua mambo ambayo masanduku hayakuweza kuyaonyesha. Phengaris arion, kipepeo mkubwa wa buluu, alitoweka Uingereza mwaka 1979. Kiwavi wake hubebwa na sisimizi hadi kichuguuni, na Jeremy Thomas, aliyemfuatilia malishoni, aligundua kwamba huko Uingereza alimtegemea hasa sisimizi Myrmica sabuleti, anayehitaji udongo uliopashwa joto na jua. Wanyama wa kula nyasi walipopungua, nyasi zilirefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakaondoka na kipepeo akafuata. Elimu hiyo ndiyo iliyowezesha kumrudisha kwa kutumia vipepeo wa Uswidi. Mwaka 1976 ulianza pia nchini Uingereza mpango wa kuhesabu vipepeo kila wiki ya majira ya joto kwenye njia maalumu, mtindo ambao nchi nyingi za Ulaya zimeuiga.

Kamera za dijitali zilienea miaka ya 2000, na mitandao ya kuhifadhi kumbukumbu za viumbe, kama iNaturalist iliyoanzishwa mwaka 2008, ikawawezesha wasafiri kupeleka picha zao kwa wataalamu wa mbali. Programu za kompyuta sasa hupendekeza jina mara moja. Pendekezo hilo ni mwanzo wa kazi. Polyommatus icarus, kipepeo wa buluu aliyeenea karibu Ulaya nzima, kwa kawaida ana doa upande wa chini wa bawa la mbele, karibu na mahali bawa linapoanzia. Polyommatus thersites hana. Lakini baadhi ya icarus nao hulikosa doa hilo, hivyo mchunguzi hutazama pia kama pana mmea wa Onobrychis, chakula cha kiwavi wa thersites. Picha ya mabawa yaliyotandazwa pekee haiwezi kuimaliza hoja. Upande wa chini, mmea, mwinuko na mwezi vyote vina la kusema.

Pana pia spishi ambazo picha haiwezi kuzitenganisha kabisa. Vipepeo weupe wa jenasi Leptidea waliodhaniwa kuwa spishi moja walibainika kuwa mbili katika miaka ya 1980, na mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba ukathibitisha ya tatu, Leptidea juvernica, ambayo ndiyo iliyoenea Ireland. Mahali ambapo spishi hizo zinaishi pamoja, kumbukumbu sahihi huishia kwenye jina la jenasi.

Thamani ya kumbukumbu nyingi zenye tarehe ilionekana wazi kwa Vanessa cardui, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayeonekana pia Afrika Mashariki. Mwaka 2009 wengi mno waliruka kutoka Afrika Kaskazini hadi Ulaya. Taarifa za maelfu ya watazamaji, zikiunganishwa na vipimo vya rada, zilithibitisha mwaka 2012 kwamba wakati wa vuli hurudi kusini wakipaa juu sana, mbali na macho ya watu. Vizazi kama sita hupokezana safari hiyo ya takriban kilomita 15,000 kwenda na kurudi.

Sheria nazo zimebadili desturi. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992 kuhusu makazi ya viumbe hulinda spishi kadhaa za vipepeo, na biashara ya kimataifa ya Parnassius apollo, kipepeo mweupe wa milimani mwenye madoa mekundu, inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Katika hifadhi nyingi wavu hauruhusiwi bila kibali. Kwa sababu hiyo kumbukumbu ya msafiri wa leo huwa na picha za pande zote mbili za bawa, mahali, tarehe, mwinuko na mmea ulio karibu. Ikiwa na mambo hayo, hata kipepeo ambaye leo hajapata jina anaweza kutambuliwa baadaye, wataalamu watakapojua zaidi.