Kabla ya kununua pikipiki ya umeme Tunduma, iulize historia

Wadau, swali liko kila kijiwe cha bodaboda siku hizi: pikipiki ya umeme inafaa, au ni mbwembwe za mjini tu? Wanaolijibu huanza na spidi. Wengine huanza na bei. Mimi naomba tuanze na historia, maana ni miji michache Tanzania iliyolazimika kujibu swali la namna hii mara nyingi kama Tunduma. Swali lenyewe ni hili: chombo chako kinakula nini, chakula chake kinatoka wapi, na ufunguo wa ghala anao nani?

Haya, tuanze na chombo cha kwanza cha mizigo katika uwanda huu. Kilikuwa kichwa cha binadamu.

Miaka ya 1880 Waingereza walianza kuchonga barabara waliyoiita Stevenson, kutoka Karonga kwenye Ziwa Nyasa kuelekea Ziwa Tanganyika. Boma lao la Fife lilikuwa kwenye njia hiyo, jirani na ilipo Nakonde ya leo. Mizigo ilikwenda kwa wapagazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, wapagazi hao, walioitwa tengatenga upande wa Zambia na Malawi, ndio waliobeba risasi na unga wa majeshi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alilishambulia boma la Fife, akaendelea mpaka Kasama, kisha akasalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Sasa piga hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi bila ghala njiani, mzigo wote umeishia tumboni mwake. Jeshi halijapata kitu. Hiyo ndiyo chaji moja ya mpagazi. Miguu ya kwenda haraka haikusaidia kitu kama njiani hakuna unga, na maelfu ya watu walikufa kwa njaa na maradhi katika vita ile.

Turuke hadi tarehe 11 Novemba 1965. Ian Smith anajitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi. Zambia, iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ilikuwa inapata mafuta yake kupitia huko huko kusini. Bomba likafungwa. Ghafla mafuta ya nchi nzima yakaanza kutafutiwa njia nyingine, na njia kubwa ikawa hii ya kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma. Malori yalibeba mapipa kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Madereva wa Kizungu waliipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Na lori lenyewe lilikuwa linakunywa njiani sehemu ya kile linachokipeleka, kama yule mpagazi na unga wake.

Dawa haikuwa lori lenye kasi zaidi. Dawa ilikuwa ghala na njia. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi.

TAZARA nayo ina somo lake. Vichwa vya treni vya kwanza vilitoka China, na kwenye tambarare vilikwenda bila shida. Kasheshe lilikuwa ule mpando wa Mlimba kwenda Makambako. Vilielemewa, na miaka ya 1980 ikabidi viletwe vichwa vyenye nguvu zaidi. Ukisoma karatasi ya muuzaji, kila chombo kinapanda mlima. Mlima wenyewe hausomi karatasi.

Tuje kwa bodaboda. Neno hili lilizaliwa mpaka mwingine, Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Lakini kazi yenyewe Tunduma haikuhitaji kufundishwa. Pikipiki za bei nafuu za Kichina na Kihindi zilipomwagika nchini miaka ya 2000, sheria ndiyo iliyobaki nyuma. Kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria zilikuja 2010. Mwaka 2016 Songwe ikakatwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, makao makuu Vwawa. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wakafungua kituo cha huduma za pamoja mpakani. Mizunguko ya bodaboda ikaongezeka.

Kwa nini Boxer ilishinda? Tangi lake ni la lita 10 au 11, na lita moja huenda kama kilomita 45. Ukijaza unaenda Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, na kurudi. Ukiishiwa kijijini, utapata petroli kwenye chupa ya maji juu ya meza kando ya barabara. Ile chupa ndiyo iliyoshinda. Hata Marekani mwaka 1900 magari ya umeme yaliyotengenezwa yalikuwa mengi kuliko ya petroli, lakini petroli ikawa inauzwa kila duka na mchezo ukageuka.

Kwa macho hayo tuzilinganishe pikipiki za umeme, kwa mambo manne.

La kwanza, nguvu. Mota ya umeme huvuta kwa nguvu tangu tairi linapoanza kuzunguka. Haina klachi wala gia za kuhangaika nazo kwenye foleni ya malori. Kwa kuondoka, Boxer haioni ndani. Lakini kumbuka TAZARA. Pikipiki na "mishikaki", yaani dereva na abiria wawili, hufika kilo 300. Kila mita 100 za kupanda juu hula kama uniti 0.1 ya umeme, sawa na kilomita mbili na nusu za tambarare. Ukitoka bonde la mto Songwe kupandisha kuelekea Mbozi, ukamaliza na Mlima Senjele, utaiona chaji ikishuka. Basi usiijaribu pikipiki dukani. Ijaribu Senjele, na abiria juu.

La pili, starehe. Hapa umeme unashinda wazi: hakuna mtetemo, hakuna moshi, hakuna ekzosi ya kuunguza mguu wa abiria. Ila angalia shokapu na urefu wa siti, maana betri ni nzito na barabara za kuingia vijijini Momba na Ileje hazijali chombo kinakula nini. Na ukimya wake ni hatari sokoni. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani hakusikii ukija.

La tatu, chaji. Kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza unachomeka nyumbani kwa saa kadhaa, kwa LUKU yako. Kambi ya pili unabadilisha betri kituoni kwa dakika chache, kama inavyofanya Ampersand ya Kigali tangu 2019, mji wa milima mitupu. Wala kubadilisha betri si uvumbuzi wa juzi. Kampuni ya umeme ya Hartford, Marekani, iliwabadilishia wenye malori betri tangu miaka ya 1910 hadi 1924. Ilifanikiwa palipokuwa na kituo. Pasipo na kituo, lori lilibaki chuma.

La nne, umbali. Roam Air inayotengenezwa Nairobi ina betri ya uniti 3.24 na nafasi ya kuweka ya pili. Ukikadiria uniti moja kwa kilomita 25, betri moja ni kama kilomita 80. Tunduma hadi Vwawa na kurudi ni karibu hizo hizo. Kwa hiyo kwa mizunguko ya mjini, stendi, mpakani na Mpemba, betri moja na ya akiba vinatosha. Kwa safari ya Sumbawanga, bado ni mpagazi asiye na ghala. Gharama nayo ipime: kilomita 80 ni uniti tatu na kidogo, kila moja kwa mamia ya shilingi, wakati petroli ni karibu lita mbili, kila moja kwa maelfu.

Kwa hesabu hiyo ningesema nunueni. Lakini lile swali la ufunguo bado lipo, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote manne.

Kwenye mpango wa kukodi betri, pikipiki inaweza kuwa yako lakini betri ni ya kampuni. Petroli ikiadimika kituo kimoja unakwenda kingine, na wote wanauza petroli ile ile. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Na betri nyingi za namna hii zinaweza kuzimwa kwa mbali, kama zile simu za mkopo. Kijana anayehangaika na hesabu ya bosi kila jioni atakuwa amehama bosi mmoja kwenda bosi wa pili, na huyu wa pili ana swichi. Zambia ya 1965 ilikuwa na malori, ilikuwa na barabara, ilikuwa na fedha za shaba. Haikuwa na bomba lake.

Umeme wenyewe nchini si haba. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kuzalisha 2024. Njia ya msongo wa kilovolti 400 ya kuunganisha Tanzania na Zambia imepangwa kupita Tunduma hapa hapa. Kilichobaki ni plagi, na makubaliano ya betri moja kwa pikipiki zote.

Kwa hiyo mshikaji wangu wa kijiweni, muuzaji akikuonyesha spidi, mwambie safi. Akikuonyesha siti, kaa uionje. Halafu muulize maswali mawili: naweza kuichaji kwangu kwa LUKU yangu? Na siku kampuni yako ikifunga ofisi, betri nitaitoa wapi? Akianza kuzunguka, panda Boxer yako uende zako kazini. Chupa bado iko juu ya meza.