Wati 75 za Garissa

Kadi ya grafiki iliyouzika Garissa hatukuichagua sisi mafundi, wala mteja. Ilichaguliwa na karani fulani wa ununuzi huko Uingereza, aliyeagizia ofisi yake Dell OptiPlex na HP Compaq mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ofisi ilipozichoka, zilishuka Mombasa zikiwa mitumba, zikapita maduka ya Nairobi, na basi la Eastleigh likazileta kwa barabara ya Mwingi hadi ng'ambo ya mto Tana.

Zilikuwa mashine za barua na hesabu. Waliozidai zaidi ni wapiga video wa harusi. Harusi ya Kisomali hairekodiwi kwa dakika kumi, na jamaa walioko Minneapolis na Dubai wanataka kuiona mapema. Kompyuta ya karani, ikiombwa kuunganisha picha za harusi hiyo, iliganda usiku kucha.

Tukaanza kufungua makasha kutafuta nafasi ya kadi ya grafiki. Mashine kuukuu zaidi, za kabla ya 2004, zilikuwa na sloti ya AGP, iliyoletwa na Intel mwaka 1997. Hizo tuliziacha ziandike barua. Zenye PCI Express zilikuwa na matumaini, ila sloti hiyo, kwa kanuni zake, haitoi zaidi ya wati 75. Kadi kubwa hudai waya wake kutoka kwa pawa saplai, na OptiPlex 7010 ndogo ina pawa ya wati 240 isiyo na waya huo. Kwa hiyo tulijua kadi zisizohitaji waya tu: GT 710, wati 19, ya kuongeza skrini ya pili na si zaidi, GT 1030 ya mwaka 2017, wati 30, na GTX 750 Ti ya mwaka 2014, wati 60, ambayo kwangu ndiyo kadi bora iliyowahi kuvuka daraja la Tana. Kasha jembamba lilidai pia bamba fupi la kufungia kadi. Muuzaji akikupa yenye bamba refu pekee, unashika msumeno wa chuma. Nimekata mengi na sioni haya.

Kuingia kwenye sloti hakukutosha. Mbao mama nyingi za kabla ya 2012 hazikuwa na UEFI, programu ya kisasa ya kuwashia mashine, na kadi mpya ingeweza kukaa sawasawa, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Halafu kuna joto letu la nyuzi 35 na vumbi linaloziba feni. Stima nayo, hadi katikati ya miaka ya 2010, ilitoka kwenye jenereta za dizeli, na kabla ya kumfungia mtu kadi nilimuuliza kama ana stebilaiza. Desemba 2019 ulifunguliwa mtambo wa sola wa megawati 50, watu wakadhani shida imekwisha; lakini umeme wake huingia gridi ya taifa kama wa kwingine.

Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni. Kijana mmoja akaniletea RX 580, ameibeba kama mtoto mchanga. “Adeer, hii itaingia?” Wati 185, ndefu kuliko kasha lenyewe, na tundu la waya ambao mashine yake haijawahi kuuona. Nilimwambia aiuze Nairobi.

Sasa makarani wa Ulaya wameamua tena. Windows 11 inakataa karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8, na Windows 10 ikaachwa Oktoba 2025, kwa hiyo yanayotufikia ni makasha ya kizazi cha 6 na cha 7. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa hizo inakata video ya harusi bila kuganda, na 710 haina mteja tena. Mwenye kutaka gemu bado namtafutia 750 Ti iliyotumika, nikianza kwa kulipima kasha lake kwa rula.